Hesabu ya Jeshi la Mfuto

Katika habari za kale za Unyamwezi imo orodha moja ya jeshi ambayo yafaa kusomwa polepole, kama mtu asomavyo daftari la duka. Iliandikwa katika vita vya mwezi wa Agosti 1871, jeshi lilipokusanyika Mfuto, upande wa magharibi wa Tabora. Na aliyeiandika ni Henry Morton Stanley, mtu wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta Dr. Livingstone. Waarabu wa Tabora walikuwa wameita watu wao kwenda kumpiga Mtemi Mirambo, na Stanley aliingia pamoja nao kwa kuwa njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Akaandika jina la kila tajiri na idadi ya watu aliowaleta: huyu mia mbili na hamsini, yule themanini, mwingine ishirini na watano tu. Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe alileta Wanyamwezi 800. Stanley mwenyewe alileta 50. Jumla yao, asema, ilikuwa watu 2,255, na katika hao 1,500 walichukua bunduki.

Kwa nchi hii na kwa zamani zile, hilo lilikuwa jeshi kubwa. Aliyeisoma orodha ile Mfuto bila shaka alimhesabu Mirambo kuwa amekwisha. Walakini kabla mwezi haujatoka jeshi lile lilikuwa limetawanyika, wakuu wake wawili wamekufa, na sehemu ya mji wa Tabora imeteketea kwa moto. Basi twataka kuichukua orodha ile na kuitazama mstari kwa mstari, tuone kosa lilikuwa wapi.

Kazi ya kupima orodha za majeshi si ngeni duniani. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, jina lake Reisswitz, alimwonyesha mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, mchezo wa vita uchezwao mezani juu ya ramani, vipande vidogo vikiwa badala ya vikosi. Jenerali alikuja bila hamu, akaondoka akisema ya kuwa mchezo ule ufundishwe maafisa wote. Baadaye jambo hili likatoka kwa maaskari likaingia kwa raia. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupigana vita vya sanamu sakafuni. Na siku hizi, Ulaya na Marekani na kwingineko, wako watu wazima wakutanao kwa mashindano ya namna hiyo, kila mmoja na sanamu zake alizozipaka rangi kwa mkono. Kila askari wa sanamu ana bei yake kwa alama, na kila mchezaji huandika orodha ya jeshi lake isiyozidi jumla iliyokubaliwa, tuseme alama 2,000. Kwa hiyo hakuna awezaye kushinda kwa utajiri. Apendaye wapanda farasi wengi atapungukiwa mizinga. Apendaye mizinga atapungukiwa watu wa kuilinda. Mchezaji mwenye busara haendi mashindanoni na orodha mbichi. Huijaribu kwanza nyumbani, mara kumi, mara ishirini, na kila mara huona jambo ambalo karatasi haikumwambia.

Msomaji wetu atasema, hayo ni mambo ya wageni. Lakini sisi nasi tunao mchezo wa vita juu ya ubao, tena wa zamani kuliko wa Reisswitz, nao ni bao. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa yapata mwaka 1840, aliutungia mashairi. Wasukuma wanao wao waliouita isolo. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha katika shule ya St. Mary's ya hapo hapo, alijulikana na watu wote kuwa mpenzi wa bao. Hatuna haja ya kumfundisha mzee wa Unyamwezi jinsi ya kulicheza. Twataka tu kukumbusha mambo manne matano yatakayotufaa mbele.

La kwanza, pande zote mbili huanza sawasawa. Kete ni 64, kila mtu 32. Kumi zimewekwa ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zimo mkononi, zinaingia moja moja katika kunamua. La pili, kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Hugeuka ikawa ya yule aliyeila, naye huisambaza upande wake kuanzia kichwani. La tatu, vita vyote viko katika safu ya mbele. Safu ya nyuma haiwezi kuliwa, lakini haiwezi kuokoa: mtu akiishiwa kete safu ya mbele, amefungwa, hata kama nyuma yake mashimo yamejaa tele. La nne, mchezaji anayekula na kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake, huchagua: ama hulala hapo, ama huichukua nyumba yote akaenda safari. Na safari hiyo ndiyo iwapatayo wachezaji wachanga. Wanaona kete nyingi mkononi, wanafurahi, wanazisambaza huku na huku, na inapokwisha wamejaza mashimo yao ya mbele yakikabili mashimo ya adui, yeye akingojea zamu yake tu.

Sasa turudi Tabora. Mwaka 1871 mji huu ulikuwa kitovu cha njia kuu. Kutoka Bagamoyo misafara ilipanda kwa kupita Ugogo, ikafika hapa baada ya miezi miwili mitatu. Kutoka hapa njia moja ilikwenda Ujiji na ng'ambo ya Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe zilishuka, nguo na shanga na baruti zilipanda, na watumwa walikwenda wakiwa wamefungwa. Waarabu na watu wa pwani walikaa katika matembe makubwa ya Tabora na Kwihara, na kwa sababu ya biashara walitia mkono katika utemi wa Unyanyembe. Mtemi Mnywa Sele alipotaka kuwatoza ushuru, walimwondoa katika kiti wakamweka Mkasiwa. Na Mnywa Sele akapigana porini miaka mingi mpaka alipouawa mwaka 1865.

Huko magharibi alikuwa amekwisha kuinuka kijana mwingine. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtyela. Jina la Mirambo, maana yake maiti, alilipata kwa vita. Husimuliwa ya kuwa katika ujana wake alikaa na Wangoni, ambao hapa huitwa Watuta, akajifunza kwao desturi za kupigana. Alirithi utemi mdogo wa Uyowa, akaunganisha nchi nyingine kwa nguvu, na njia ya Ujiji ikawa inapita katika mikono yake. Mwaka 1871, kama aelezavyo Stanley, aliusimamisha msafara wa Mwarabu mmoja uliokwenda Ujiji, akataka mapipa matano ya baruti, bunduki tano na robota tano za nguo. Alipopewa vyote akaurudisha msafara ulikotoka, akisema hapana msafara wa Mwarabu utakaopita tena nchini mwake ila juu ya maiti yake. Ndipo wakubwa wa Tabora walipofanya shauri. Khamis bin Abdullah, mtu shujaa kweli, aliwahimiza wenzake kwa maneno makali, na shauri likawa ni vita.

Basi tuifungue orodha yao.

Jambo tulionalo kwanza ni kwamba si orodha ya jeshi moja. Ni orodha ya majeshi kama ishirini, kila moja na bwana wake. Watu wa Khamis bin Abdullah walimjua Khamis. Watu wa tajiri wa pili hawakumtii yeye. Hakuna mahali palipoandikwa nani ni mkuu wa wote. Katika bao kete zote za upande mmoja huchezwa na mkono mmoja, na hata mtoto ataona upuuzi wa watu ishirini kucheza upande mmoja wa bao, kila mtu na kete zake.

La pili ni bunduki. Elfu na mia tano zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa za kila namna: bunduki za gumegume ziwakazo kwa jiwe, bunduki za mitutu miwili za Kijerumani na za Kifaransa, nyingine za Kiingereza, nyingine za Kimarekani. Bunduki ya gumegume hutaka jiwe zuri na baruti kavu; bunduki ya fataki hutaka fataki, na ikikosa fataki ni rungu. Risasi ya mtutu mpana haiingii katika mtutu mwembamba. Kwa hiyo mtu aliyeishiwa risasi vitani hakuweza kumwomba aliye karibu naye. Na bunduki ile ikiisha kulia mara moja yataka muda kuishindilia tena; katika muda huo mtu mwenye mkuki na miguu mepesi hutoka kwenye majani akafika. Aliyeandika bunduki 1,500 aliandika milio 1,500, kisha kimya.

La tatu ndilo kubwa, nalo halikuandikwa kwa maneno, ila limo ndani ya kila mstari. Wengi wa watu wale walikuwa watumwa. Mtumwa akishinda, pembe ni za bwana. Akishindwa, kifo ni chake. Wangwana na watu wa kulipwa walikuja kwa mshahara, na mshahara haulipwi kwa maiti. Wanyamwezi 800 wa Mkasiwa walikuwa na ugomvi wao wenyewe, maana kiti cha mtemi wao kilisimama kwa msaada wa Waarabu. Twaweza kudhani ya kuwa hao walijua kwa nini wamekuja. Waliobaki wengi hawakujua, au walijua na hawakuona faida.

Orodha ya Mirambo hatunayo kwa hesabu. Lakini miaka mitano baadaye, mwezi wa Aprili 1876, Stanley alikutana naye uso kwa uso, wakafanya udugu wa kuchanjiana, na Mirambo akamweleza jinsi alivyochagua askari wake. Alitaka vijana. Macho yao, alisema, ni makali, viungo vyao ni vyepesi, na kijana asiye na mke wala watoto hana kitu cha kumrudisha nyuma moyoni. Watu wa makamo na wazee hakuwapeleka vitani. Hao ndio walioitwa rugaruga. Walipata fungu katika mateka, na mtu aliyejionyesha hodari aliinuliwa. Dr. Ebenezer Southon wa misheni ya London, aliyekaa Urambo tangu mwaka 1879 mpaka kufa kwake mwaka 1882, alimwona Mirambo kuwa mtu wa akili na kazi, asiyekunywa pombe, aongozaye mwenyewe. Na jeshi lake lilikua kwa kanuni ile ya bao: kijana aliyetekwa leo aliweza kuwa rugaruga kesho, na bunduki ya Mwarabu aliyeanguka ilirudi vitani ikitazama upande wa pili.

Hatuandiki haya ili kumpamba. Vijiji vilivyochomwa na rugaruga vilikuwa vijiji vya Wanyamwezi kama sisi, na wanawake na watoto waliotekwa waliuzwa kama wengine walivyouzwa. Kijana asiye na kitu cha kumrudisha nyuma moyoni ni askari mzuri. Tena ni jirani wa kutisha. Tulisomalo hapa ni orodha tu, na orodha yake ilikuwa na mambo mawili ambayo ile ya Mfuto ilikosa: mkono mmoja, na watu waliotaka kuwapo.

Jaribio lenyewe lilichukua siku chache. Jeshi lilitoka Mfuto likaenda Umanda, na huko wapiganaji walipakwa dawa ya waganga, unga uliochanganywa na maji ya majani, ili risasi zisiwadhuru. Mwanzoni mwa Agosti wakakishambulia kijiji cha Zimbizo, na kikaanguka upesi. Waliokuwa ndani walitoka mbio. Kila mtu akafurahi. Mchezaji wa bao angeuliza kwa nini adui ameliacha shimo lile kwa urahisi hivyo, lakini hatusomi kwamba mtu aliuliza.

Ndipo kijana mmoja mkubwa wao, Soud bin Sayd bin Majid, alipochukua watu 500 akaenda kupiga Wilyankuru, makao ya Mirambo mwenyewe, yaani Ulyankulu, ambayo leo Wakristo wengi wa nchi hii huijua kwa nyimbo za kwaya zake. Stanley alikuwa amelala kwa homa, naye alituma maneno ya kuwaonya juu ya hila za Mirambo. Mji ukaingiwa. Mirambo alikuwa ametoka kwa upande mwingine pamoja na watu wake, wala hakwenda mbali. Ndani watu wa Soud walikuta pembe zaidi ya mia, robota sitini za nguo, na watumwa mia mbili au tatu. Wakajitwika.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana katika habari zote za vita hivi hakuna jambo linalofundisha zaidi. Saa moja kabla ya hapo watu wale 500 walikuwa jeshi. Walipojitwika pembe na robota wakawa msafara. Pembe kubwa moja hutosha kumlemea mpagazi hodari. Mtu aliyebeba pembe begani na bunduki mkononi hawezi kuelekeza bunduki hiyo popote. Wakarudi kwa njia ile ile waliyoijia, wameandamana mmoja nyuma ya mwingine kama desturi ya njia zetu, majani marefu huku na huku, wakiimba labda, maana kila mtu alihesabu fungu lake. Mirambo na watu wake walikuwa wamelala katika majani pande zote mbili za njia. Mbele hakuwaacha wapite, nyuma hakuwaacha warudi. Soud akauawa pamoja na Waarabu aliokuwa nao, na watu wao wengi. Na pembe zote zikarudi Wilyankuru, pamoja na bunduki ambazo hazikuwamo asubuhi.

Kwa lugha ya bao, Soud alikula, akaenda safari badala ya kulala, na kete ya mwisho ikaanguka mbele ya shimo la adui. Wako watakaosema aliponzwa na tamaa. Tamaa ilikuwamo, nani atakataa? Lakini yapasa kukumbuka ya kuwa watu wake hawakuwa na mshahara mwingine wa kutazamia ila kile walichokibeba. Orodha yenyewe ilikuwa imekwisha kuwatwika mizigo kabla hawajaondoka Mfuto.

Habari ilipofika Zimbizo jioni, mashauri yakavunjika. Kesho yake kila tajiri alitazama njia yake. Hapakuwa na amri ya kurudi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuitoa. Watu walikimbia tu kuelekea Mfuto, wakiacha nguo na baruti porini. Stanley, mgonjwa hivyo, alikuta hata watu wake mwenyewe wamemkimbia, akabaki na wachache sana. Jeshi la watu 2,255 halikupoteza nusu yake kwa risasi. Lilipoteza watu wa Soud, na waliobaki walijihesabu wenyewe, mmoja mmoja, wakajitoa.

Tarehe 22 Agosti Mirambo alikuja Tabora. Matembe ya mji yalikuwa na watu na bunduki bado, na kuta zake ni nene. Stanley huko Kwihara alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba yake akakusanya watu 150 kuilinda. Lakini Waarabu wengi walikaa ndani ya nyumba zao, kila mtu akilinda mlango wake. Khamis bin Abdullah peke yake ndiye aliyesema ni aibu kukaa. Akatoka na watumwa wake wenye silaha, wapata themanini, na Waarabu wachache. Mirambo alipomwona akarudi nyuma polepole, kana kwamba ameogopa, na Khamis akamfuata mpaka mbali na nyumba za mji. Ndipo Mirambo alipogeuka kwa kundi zima. Watumwa wa Khamis wakaliona kundi lile, wakakimbia wote. Khamis akageuka nyuma akakuta hakuna mtu, akafa hapo pamoja na wale wachache. Safu ya mbele ilikuwa imekwisha, na safu ya nyuma, yenye mashimo yaliyojaa, ilitazama kutoka katika matundu ya ukuta wakati moshi ulipopanda juu ya Tabora.

Wazungu walioandika habari hizi, na Waarabu waliozisimulia, waliwaita watumwa wale waoga. Neno hilo tumelisikia likirudiwa hata na watoto wa shule. Sisi hatulikubali. Mtu aliyenunuliwa Manyema au Ubena, akapewa bunduki isiyo yake, akaambiwa afe kwa ajili ya njia ya pembe zisizo zake, njia ile ile aliyopitishwa yeye akiwa na kongwa shingoni, huyo akikimbia amefanya hesabu sahihi kuliko bwana wake. Hapa ndipo michezo yote, ya sanamu na ya kete, inapotuacha njiani. Kete haina macho. Ukiiweka katika shimo la mbele hukaa. Mchezaji wa Ulaya aweza kuijaribu orodha yake mara mia, na askari wake wa risasi au wa mbao hatamwuliza hata siku moja, nitapata nini? Waliokuwa Mfuto walikuwa watu, na kila mmoja aliuliza. Stanley aliandika namba zao tu. Majina ya watu wale mia na mia hakuyaandika, ila ya mabwana wao. Tungalijaliwa kuyapata majina hayo, tungaliyathamini kuliko hesabu ya bunduki.

Yaliyofuata ni marefu, nasi tutayapita upesi. Stanley aliondoka Septemba 1871 kwa njia ya kusini, akizunguka mbali nchi ya Mirambo, akamkuta Livingstone Ujiji. Njia kuu ikawa haina amani miaka mitano. Sultani Barghash wa Unguja alituma askari wake bara, na wao pia walikaa Unyanyembe wakala chakula cha watu na kurudi bila kumshinda Mirambo. Mwishowe wafanya biashara walichoka kuona pembe zimekaa na nguo hazipandi, na Mirambo naye alikuwa akitaka baruti na nguo za pwani kama wao walivyotaka pembe. Hata kufikia mwaka 1876 wakapatana, misafara ikapita tena na kumpa hongo. Jambo lililotakwa na Mirambo mwaka 1871 kwa mapipa matano ya baruti, Tabora ilikuja kulilipa kwa bei kubwa zaidi.

Lakini orodha ya Mirambo nayo ilikuwa na kasoro yake, nayo ilikaa kimya muda wote aliokuwa hai. Alikufa tarehe 2 Desemba 1884. Alimrithi Mpandashalo, na rugaruga walikuwa wale wale, bunduki zile zile, mipaka ile ile. Nchi zilizounganishwa kwa hofu na fungu la mateka zikaanza kujitoa moja moja, kama walivyojitoa matajiri wa Zimbizo, na mwaka 1890 Mpandashalo akauawa vitani. Mkono mmoja ulikuwa nguvu yote, na ulipoondoka hapakuwa na mwingine uliofundishwa kuzicheza kete zile.

Isike wa Unyanyembe alichagua njia nyingine. Yeye hakwenda safari. Alilala katika nyumba. Boma lake karibu na Tabora lilikuwa na kuta ambazo Wajerumani walizijaribu mwaka 1892 wasiweze, na ndani yake alikusanya watu, silaha na ghala ya baruti. Kila mchezaji wa bao ajua ya kuwa nyumba iliyojaa ni nguvu, na ajua pia kinachotokea siku inapoliwa. Mwezi wa Januari 1893 askari wa Tom von Prince waliingia bomani. Isike hakutaka kushikwa. Akaiwasha baruti yake mwenyewe.